Siku Spika Yangu Ilipotaga

Aibu hii ningeinyamazia kabisa kama ningeweza, lakini mpaka leo nikienda soko la Khayega kuna mama mmoja wa nyanya ambaye huniuliza kwanza spika imetaga mangapi, halafu ndiyo ananisalimia. Kwa hiyo bora msikie kwangu.

Bendera yetu ilikuwa bado mpya, wazungu wa mashamba ya Lugari wakiuza vitu warudi kwao, nami nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa Kakamega. Wenzangu walikimbilia viti na sahani. Mimi nilirudi kutoka upande wa Matete na mashine ya santuri, amplifaya yake ya valvu (zile taa ndogo za kioo zinazowaka ndani), na spika moja pana kama ungo, bila sanduku, kwa sababu sanduku lilishaliwa na mchwa. Mume wangu, Baba Khasandi, aliitazama akauliza, "Na hii tutaipika?"

Hakujua ni nani walioniambukiza ugonjwa huu wa santuri. Kulikuwa na Sista Dorika, mkunga, ambaye alifumba macho tu akakwambia santuri inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na kweli ukiipima unakuta ni hivyo. Na kulikuwa na Bi Zuhura wa Mumias, muuza kanga, aliyeshika santuri kwa viganja kama mtu anayebeba mtoto mchanga, na aliyebadilisha valvu zake mwenyewe bila kumwita fundi. Jumamosi tulikutananga kusikiliza, bila kuongea, na mimi niliwapenda wale wanawake, jamani, nilitaka kusikia kama wao wanavyosikia.

Basi seremala wa Khayega akanitengenezea sanduku la mvule, likanifika kifuani. Ofisini karani mkuu, Bwana Shivachi, akacheka: "Wanawake wanapenda mbao tu. Hilo litawekewa vitambaa vya mapambo." Nikamwambia aje Jumamosi na wenzake wasikie kwa masikio yao.

Siku yenyewe, kabla wageni hawajafika, nikafanya jambo dogo sana. Niliacha mlango wa nyuma wa sanduku wazi, ili watu wapite waone waya zangu mpya, halafu nikaenda kubadilisha nguo. (Majivuno, ndiyo, najua.)

Wakaja. Wanaume wakajaa barazani, Bwana Shivachi akaingia ndani na kofia yake, Bi Zuhura akatoa salamu zake ndefu, Sista Dorika akakaa mbele. Nikaweka santuri ya gitaa na sauti moja ya polepole, ikaanza vizuri mpaka nikasikia mwili unanisisimka, na pale mwimbaji aliponyamaza kidogo, tukasikia: kwo... kwo... kwo.

Bi Zuhura akafungua jicho moja. "Hiyo ni nini?"

Sikujua. Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikasema, "Iko kwenye santuri. Walirekodia kijijini, kuku akapita. Mashine za kawaida hazitoi sauti ndogo kama hiyo."

"Kweli?" Bwana Shivachi akainuka, akaweka sikio karibu na kitambaa cha spika. "Wee! Hata akikwaruza anasikika!" Akaita wa barazani waje wasikie kuku wa santuri, nao wakaja wote, mpaka waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kwenye ua, nami nikazidi kueleza, nikasema hata ni kuku jike, unajua kwa mlio.

Santuri ikaisha. Sista Dorika akainua sindano. Chumba kikawa kimya, na kuku akaendelea.

Halafu akapiga kelele ile ya kuku aliyemaliza kutaga, akatoka nyuma ya sanduku kwa mbawa zote, akapita juu ya kofia ya Bwana Shivachi, akatua mezani kwenye vikombe. Alikuwa kuku wangu mwenyewe. Yai tulilikuta ndani, bado moto.

Sitaeleza kicheko. Bwana Shivachi, chai ikimdondoka, aliuliza, "Mama Khasandi, na jogoo yuko santuri gani?" Nikatamani ardhi inimeze.

Sista Dorika hakucheka. Alirudisha sindano mwanzo, akafumba macho. "Imeharibika," akasema. "Sauti nzito inavuma kama pipa tupu. Kuku alipokuwemo ilikuwa imetulia."

Bi Zuhura akapiga magoti na buibui lake, akagonga mbao ndani. "Wallahi, ni mwangwi. Alikuwa anauziba. Leta pamba."

Nikapasua mto wetu wa kitandani, Baba Khasandi akitazama. Wale wanawake wawili wakaisambaza pamba ndani, mmoja akishika, mwingine akigonga na kusikiliza, wakafunga mlango kwa skrubu, wakapiga tena. Sasa zile nyuzi nene za gitaa zilitoka moja moja, safi. Bwana Shivachi alipotoka aliniuliza kwa sauti ya chini jina la seremala.

Wakati wa kuagana Sista Dorika alinishika mkono. "Nilijua tangu mwanzo kuku hayuko kwenye santuri," akasema. "Lakini wewe ulisema kwa uhakika sana, nikaona labda masikio yangu yamezeeka."

Hilo liliniuma kuliko kicheko chote. Tangu siku hiyo, nikiulizwa ni sauti gani nami sijui, nasema sijui, tusikilize tena.