Fimbo ya Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wetu wa hesabu hapa Stanleyville huvunja kila chaki vipande viwili, kimoja akakitia mfukoni, maana Padri mkuu hukagua hata chaki. Sauti yake hujaza darasa, lakini Padri akipita dirishani hushuka kama ya mtu aliye kwenye maungamo. Fimbo yake huonyesha namba ubaoni tu, ilikuwa haijamgusa mwanafunzi. Kwa hiyo wenzangu walipomwendea Padri kuomba barua ya kuwapendekeza chuoni, mimi, mtoto wa Waislamu, nilimwendea yeye. Alijifuta chaki mikononi hata ilipokwisha kutoka.

“Mwana wangu, mwaka jana nilimusifu Zéphirin. Padri akasema sisi weusi tunabebana, akakata jina lake. Barua yangu itakuharibia.”

Kesho yake, viatu vya Padri viliposikika barazani, mwalimu aliniita mbele. “Huyu iko mujinga! Asiende popote!” Akanichapa viganja mpaka vikatoka damu.

Padri akaingia. “Hapa nachagua mimi, si wewe!” Akaniandikia barua palepale.

“Ndiyo, mon Père,” mwalimu akajibu. Akatugeuzia mgongo aendelee na hesabu, lakini kwa muda mrefu chaki haikugusa ubao.