Blower ya mgongoni, betri au petroli? Yaliyonipata kwenye mizinga ya mama kule Sibwesa

Wakuu, nawasalimu kutoka Mpanda, ambako msimu huu vumbi linaingia hadi kwenye chai.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu: blower ya kubeba mgongoni, ile ya kupuliza majani, achukue ya betri au ya petroli?

Mkamjibu kwa kasi ya upepo, uzito, na video za Wazungu wanaosafisha bustani zao. Nilisoma hadi jibu la mwisho, nikafunga simu. Nikaifungua tena, maana roho iligoma.

Mimi nimezitumia zote mbili, kiangazi kimoja, msitu mmoja. Ninayoandika hapa yamenipata mwenyewe, na anayebisha aje Sibwesa awaulize nyuki.

Kwanza mjue nilivyoingia kwenye habari hizi. Naandika riwaya. Kwa lugha ya nyumbani kwetu maana yake sina kazi, kwa hiyo kila linalohitaji mtu wa kutumwa, natumwa mimi.

Mama yangu anafuga nyuki kule Sibwesa, ndani ya miombo. Ana mizinga ya mbao, na ana mingine ya magome aliyoiacha marehemu baba, imening'inia juu ya miti ya mitundu na mininga, imetulia kama wazee waliosusa kikao.

Mwaka jana moto ulipita.

Moto wa kiangazi kwetu ni mgeni wa kila mwaka. Kuna anayesafisha shamba la tumbaku, kuna anayetaka majani mabichi ya ng'ombe, kuna anayewinda panya. Ukishawaka, ukiuliza, hauna mwenyewe. Ule wa mwaka jana ulikula karibu nusu ya mizinga. Asali ilichuruzika juu ya majivu, na nyuki waliobaki wakazunguka pale siku nzima wakitafuta mlango.

Mama alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema taratibu: "Ukirudi tena ukala hii iliyobaki, mimi nahamia kwako mjini. Nitakaa kitini nikutazame unavyoandika."

Wakuu, nampenda mama yangu, lakini nina chumba kimoja. Na hata kama ningekuwa na kumi, namjua. Mama yule ukimtoa kwa nyuki wake, atakuwa mtu anayesubiri kufa kwa adabu.

Kwa hiyo mwaka huu kazi ilikuwa moja: mizinga iliyobaki isiungue.

Dawa yake inajulikana, ni njia ya moto. Unasafisha ukanda mpana kuzunguka mizinga, unabaki udongo mtupu, moto ukifika unakosa cha kula. Tatizo ni kwamba miombo inapukutisha majani kiangazi kizima. Unafagia kwa reki hadi kiuno kinalia, ukigeuka kunywa maji, nyuma yako pameshatandikwa upya.

Ndipo nikaziona hizo blower mtandaoni. Mtu kabeba mashine mgongoni kama mtoto, ameshika bomba, anatembea tu, majani yanamkimbia. Nikamwonyesha mama. Akatazama, akasema, "Huu upepo wa mgongoni. Ulete."

Kikaitwa kikao cha familia. Baba Mdogo akasema petroli, na aliposema akasimama. "Mashine isiyonguruma ni mdoli. Utaichajia wapi kule porini, kwenye kichuguu?" Mimi nilitaka betri, lakini mwandishi wa riwaya hashindi kikao.

Tukachukua ya petroli.

Nisiwe mnafiki, ina nguvu. Majani makavu, vijiti, hata mavi ya ng'ombe yaliyokauka, vyote vinaondoka. Ukijaza tanki unafagia hadi wewe mwenyewe uchoke.

Siku ya kwanza Baba Mdogo akasema yeye ndiye atakayeizindua. Akaivaa, akaiwasha jua la saa sita, chini kabisa ya mti wenye mizinga mitatu.

Nyuki hawapendi mtikisiko. Harufu ya moshi wa petroli hawaipendi kabisa. Walishuka.

Baba Mdogo akakimbia. Ila mashine ilikuwa bado inanguruma mgongoni, mikanda imefungwa kifuani, kwa hiyo kila alikokimbilia alizipeleka kelele zake mwenyewe. Alizunguka kile kichaka mara mbili, nyuki nyuma, majani yakiruka kila upande. Mama akamfuata kwa mbali akiita, "Izime, shemeji. Izime kwanza ndiyo ukimbie."

Alikaa ndani siku kadhaa, uso kama boga. Tangu hapo tukawa tunafanya kazi alfajiri, nyuki wakiwa na baridi, na tunakaa mbali na miti. Kazi ikaenda. Nikaanza kuamini.

Sasa mnisikilize vizuri hapa, maana kwenye video zenu hayamo.

Mashine ile inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kama msumeno wa kukatia miti. Tulikuwa na dumu la mchanganyiko huo, limekaa nyuma ya jiko.

Dada yangu ameolewa na Fabi, bodaboda wa pale senta. Kijana mwema sana, na wema wake ndio ulioniua. Siku moja pikipiki ikamwishia mafuta karibu na kwa mama. Akaingia, akaomba petroli kidogo. Mama hawezi kumnyima mkwe. Kwetu mkwe hanyimwi wala hagombezwi, ukimwona unapanga khanga vizuri na unaongea ukitazama chini. Akamwonyesha dumu, akaondoka nalo.

Kesho yake Fabi akalirudisha. Dumu zima, limejaa hadi mdomoni, kuliko alivyolikuta.

Nilikuja wikiendi, nikajaza tanki, nikavuta kamba. Ikaunguruma vizuri, kisha sauti ikawa nyembamba, kisha ikakaza, kisha kimya. Kimya kile bado nakisikia.

Nikampigia Fabi. "Shem, ulirudisha petroli gani?"

"Nzuri, shem. Ile yenu ilikuwa chafu, ina oili. Nikamwaga iliyobaki, nikasuuza dumu, nikawawekea safi kabisa."

Akasubiri nimshukuru.

Wakuu, ningesema nini? Nilimshukuru.

Injini ile bila oili inajisaga yenyewe; ilikuwa imekufa. Fundi wa mjini aliifungua, akaitazama, akaifunga, akanipa pole kama ya msibani.

Tukahamia betri. Nyuki wenyewe wakatoa kura: inapuliza kwa sauti ndogo, haina moshi, mama aliweza kufagia hadi karibu na shina la mti na wao wakaendelea na safari zao. Haina mafuta, kwa hiyo hakuna wa kuikopa. Nikaweka sola juu ya bati la mama. Nikarudi Mpanda kwenye sura ya saba ya riwaya yangu, nikiwa nimetulia.

Nilichosahau ni kitundu.

Ubavuni mwa ile betri kuna kitundu cha kuchajia simu. Mwenye kiwanda alikiweka kama zawadi ndogo. Hakujua Sibwesa.

Alianza Mzee Masanja, jirani, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, boma lake liko ng'ambo ya kijito. Alikuja na simu mkononi kama kifaranga mgonjwa. "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "imekata roho. Nasubiri habari ya mwanangu aliyejifungua." Mama angesemaje? Akachomeka.

Akaja mwenye msiba. Akaja mwenye mgonjwa. Akaja anayesubiri bei ya mpunga. Akaja kijana ambaye hakuwa na shida yoyote ila mpenzi. Fabi akaleta waya wenye vichwa vinne ili kurahisisha mambo. Nasema tena, kijana mwema sana.

Na betri zile, mdau uliyeuliza, hazidumu. Ukipuliza kwa nguvu zote, inaisha kabla ugali haujaiva. Kuijaza kwa sola ni kutwa. Sasa gawa kutwa hiyo kwa kata nzima.

Nilipokuja mara ya kwanza nikakuta taa moja ya chaji inawaka kwenye betri kati ya nne. Nikaandika kibao, HATUCHAJI SIMU, nikakipigilia mlangoni. Nilipokuja mara ya pili, kibao kilikuwa kinafunika mtungi wa maji.

"Mama, hii mashine ni ya moto."

"Najua."

"Sasa moto ukija, tutaupulizia nini?"

"Wewe unataka nimwambie mtu mwenye mgonjwa arudi, kwa sababu ya majani?"

"Kwa sababu ya mizinga ya baba."

Akageuka kunyoosha nyaya za simu. Nikajua nimempiga mahali pabaya, na bado niliona niko sahihi. Nilikuwa sahihi, wakuu. Pigeni hesabu wenyewe.

Ule ulikuwa mchana wa upepo. Beseni ambamo mama huweka simu za watu lilikuwa pale kivulini, simu zimelala ndani kama dagaa, nyingine zimeshachukuliwa na wenyewe tangu asubuhi. Nikazichomoa zote. Nikavaa mashine nikiwa bado nimenuna, nikaenda kwenye njia ya moto, ambayo ilikuwa imejaa majani hadi kwenye kifundo cha mguu.

Sijafika mbali, nikanusa.

Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya kilima, wa njano, unene wake unaonekana. Kisha nikasikia ule mlio wa nyasi kavu, kama watu wengi wanaokunja karatasi.

Nikapuliza. Nilitembea kinyumenyume nikipuliza, majani yakiondoka, udongo ukionekana mwekundu, safi, mzuri. Nikafika kama theluthi moja ya njia. Taa ikawa nyekundu. Bomba likapumua mara ya mwisho, likaacha.

Nilikaa nimeshika bomba lisilo na upepo, moto unakuja, na nikakumbuka kila simu niliyoiona ndani ya lile beseni. Nilizichukia zote, na wenye nazo.

Nikageuka kumwita mama. Sikumwona. Kumbe amepanda kichuguu, kile kirefu nyuma ya nyumba, ambako ndiko mtandao unakoshika. Nilidhani anakimbia moshi.

Alikuwa anapiga simu.

Alipiga moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya kawaida ya mtu anayekuita ukale. "Masanja, moto uko kwangu." "Mkwe wangu, shikamana na wenzako mje, moto uko kwangu." Hakueleza sana.

Na zote zilipokelewa. Nawaambia mimi niliyekulia kule: mwaka jana mama alipanda kichuguu hicho hicho, akapiga, akajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba namba haipatikani. Watu walikuwa mashambani na simu zilizokufa. Mwaka huu zote zilikuwa hai.

Fabi alifika na pikipiki, wamepakizana wanne, wameshika matawi mabichi. Wakafuata bodaboda wengine. Akaja mwenye msiba. Akaja yule kijana wa mpenzi, akiwa na reki. Baba Mdogo alikuja na jembe, na kwa mara ya kwanza akafanya kazi bila kuhutubia.

Mzee Masanja akavuka kijito na wanawe, ng'ombe wawili mbele, plau nyuma. Wakachana mfereji pale nilipoishia mimi, wakarudi, wakachana mwingine. Plau ile ilifanya kwa mizunguko michache kazi iliyonishinda na mashine mbili.

Moto ukafika kwenye udongo mbichi. Ukatafuta njia, ukaruka sehemu moja, ukapigwa kwa matawi hadi ukanyamaza. Tulipoteza mizinga miwili ya magome iliyokuwa ng'ambo ya mfereji. Iliyobaki yote ilisimama. Jioni nyuki walirudi, wakaingia kila mmoja kwake.

Masanja akaja kunawa. Akanitazama, mimi na bomba langu. "Kijana, na huo mdudu wako ni wa nini?"

"Wa kupuliza majani, mzee."

Akaitazama betri. "Aa, ya chaji," akasema kwa heshima. Akatoa simu mfukoni. Ilikuwa imebaki chaji kidogo.

Nikaipokea. Nikaiweka kwenye beseni, isubiri jua la kesho.

Basi mdau, jibu lako. Kama kazi ni kubwa, iko mbali na umeme, na mafuta utayalinda mwenyewe, chukua petroli, na dumu lifiche hata kwa mkwe. Kama una nyuki, wagonjwa au majirani wenye hasira, chukua betri, ila nunua mbili. Hayo ni ya kitaalamu.

La kwangu ni hili: kabla hujachagua mashine, tazama nani ataipigia hodi. Mimi nilihesabu dakika za betri, mama alikuwa anahesabu watu. Bado naona nilikuwa sahihi kuhusu kibao, na bado nimekerwa, lakini mizinga ipo na mama yupo kwake.

Sasa nami naomba msaada. Mama amekubali niongeze betri ya pili. Nilimsomea sifa zote, nguvu, uzito, muda wa kujaa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

Ina vitundu vingapi vya simu?

Mwenye kuijua yenye zaidi ya kimoja, aiweke hapa chini.