Mkasi wa Muuza Dawa

Muuza dawa wa kona yetu hapa Nyakasanza huvaa koti jeupe la daktari, na udaktari wake unaishia kwenye vifungo vya koti hilo. Ukimpa karatasi ya daktari, huisukuma pembeni kwa kidole kimoja kama nzi aliyekufa. Anachokiamini ni mkasi. Hukata pakiti za vidonge vya kulegeza misuli, viwili viwili, jina la dawa likabaki huku, tarehe ya kuharibika kule. Anayeuliza kama vinaleta usingizi hujibiwa kwa sauti tamu ya mchungaji anayekusanya sadaka: “Hapana, papa. Meza, uende kazi.”

Juzi alimwambia hivyo Ézéchiel, dereva wa pikipiki anayepeleka abiria Nizi, naye akameza viwili palepale. Kisha muuza dawa akainama kuinua katoni aifunge kwenye pikipiki yake mwenyewe, mgongo ukamshika, akabaki amepinda, analia. Mke wake akamletea maji na kidonge cha aina ileile. Muuza dawa akausukuma mkono wa mke.

“Weye unataka kuniua? Niko naenda kuendesha piki, na hii inalalisha mutu!”

Pale mlangoni, abiria akiwa ameshapanda nyuma yake, Ézéchiel alizima injini.