Redio ya Baba Mkwe na Kelele za Upande wa Pili

Mimi ni fundi redio, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Hapa Tukuyu mafundi simu wamejaa kila kona, lakini wa kuunda kipokezi kutoka vipande vitupu mpaka kikaongea ni mimi, na asiyeamini aje dukani. Kwa hiyo mama mkwe aliponiletea habari kwamba redio ya mzee haishiki tena kituo chetu cha mjini, nilikubali kumtengenezea nyingine kabla hajamaliza kusema.

Baba mkwe alifundisha kwaya ya kanisa lao kule Lufingo tangu mume wangu hajazaliwa. Sasa miguu imegoma. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba mjini, kwenye ibada ambayo kituo kingeirusha moja kwa moja, na wimbo wenyewe aliutunga yeye. Ungeimbwa kwa mara ya kwanza bila yeye kusimama mbele. Alisema anataka kuusikia mara moja tu kabla hajafa. Kwa simu ilikuwa haiwezekani, maana kwake mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu, na hata hapo unakuja na kuondoka unavyotaka. Nyumba iko nyuma ya kilima na mawimbi ya redio yanafika pale yamechoka.

Nikaunda. Mbele niliweka chujio la kuzuia masafa nisiyoyahitaji, kikafuata kikuza cha kuyapa nguvu mawimbi dhaifu, kisha miksa. Siyo ile miksa ya wanakwaya yenye vitufe vingi. Hii ni chipu ndogo kuliko punje ya harage, kazi yake ni kuyashusha masafa ya kituo mpaka pale ambapo sehemu nyingine za redio zinayaweza. Karatasi ya kiwanda iliisifia kwamba kelele yake ni ndogo mno. Dukani redio iliongea safi, nikapanda bodaboda kwenda Lufingo.

Hapo lazima nieleze jambo. Kwa wazee wetu wa Kinyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Vijana wengi wameacha. Baba mkwe hajaacha, na mimi sioni taabu: nikifika napita nyuma, migombani, naingia jikoni kwa mama. Wenzangu wa mjini wananicheka, nawaacha wacheke. Basi redio niliikabidhi jikoni, mama akaipeleka sebuleni, akarudi anatabasamu.

"Baba anasema ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ledio nzuri sana."

Nilirudi mjini kichwa juu. Siku chache baadaye mume wangu alikwenda kwao, akarudi anajizuia kucheka.

"Redio yako imefunikwa kitambaa. Mzee anasema inakaanga."

"Mama aliniambia ni nzuri!"

"Ulitaka akwambie nini? Wewe ni mkwe."

Hasira zilinipanda mpaka kichwani. Sikumkasirikia mzee wala mama, niliikasirikia ile adabu. Fundi gani atatibu chombo ikiwa anayeleta habari za ugonjwa anaona aibu kuutaja?

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, nikarudi Lufingo. Safari hii nilisimama nje, chini ya dirisha la sebule, mgongo ukutani, nikamwambia mama aiwashe, aongeze sauti, na asiniambie neno lolote. Kweli ilikuwa inakaanga. Shhh, bila kupumzika, na sauti ya mtangazaji imezama humo ndani. Nikamwomba achomoe antena. Mtangazaji akapotea, lakini ule mkaango ukabaki vilevile. Hapo nikajua kelele haitoki angani, inazaliwa humo humo ndani ya redio yangu.

Miksa ina tabia moja mbaya. Haipokei masafa ya kituo peke yake. Inapokea na masafa pacha ya upande wa pili, kisha inayamwaga yote mahali pamoja. Hata kama upande ule hakuna kituo chochote, kelele ipo. Ndiyo maana nililiweka chujio mbele. Lakini kikuza nacho kinatengeneza kelele yake, pande zote mbili, na kilikuwa kimekaa baada ya chujio. Nilikuwa nimechuja maji halafu nikayamimina kwenye ndoo chafu. Na ile sifa ya kiwandani? Walipima wakihesabu pande zote mbili kuwa mali, wakati mimi nilikuwa na matumizi na upande mmoja tu. Mjini, karibu na mnara, kituo kilikuwa na nguvu ya kufunika uchafu wote huo. Nyuma ya kilima hakikuweza.

Niliketi jikoni kwa mama, nikapasha chuma cha kulehemu, nikalihamisha chujio likakaa kati ya kikuza na miksa. Mama alishika tochi huku akinung'unika kwamba namtia moshi kwenye mboga. Nikarudi chini ya dirisha. Mtangazaji alikuwa anasoma matangazo ya misiba, na nilisikia karatasi ikigeuzwa.

Jumapili asubuhi nilisimama palepale, kanga imelowa umande wa migomba. Kwaya ikatangazwa. Waliimba beti zote. Sebuleni hakuna aliyekohoa. Wimbo ulipokwisha mzee akapaza sauti kuelekea dirishani. Hakumsubiri mama.

"Wewe uliye nje! Umesikia besi ya pili? Ubeti wa tatu wamechelewa kuingia. Na yuko mmoja anavuta pumzi katikati ya neno."

Mkwe haitiki. Nilitikisa kichwa peke yangu migombani, machozi yananitoka na meno yote yako nje. Amesikia pumzi! Nyuma ya kilima kile, kwa redio ya mikono yangu, amesikia pumzi ya mtu mmoja.

Kuhusu redio hakusema lolote. Nilisikia kiti kikilia, na mama akimsihi asisimame.

"Niache. Mtume mtu kanisani," mzee akasema. "Jumanne waje hapa wote. Tunaanza upya ubeti wa tatu."