Magunia ya Bi Sentimita

Mtaani walimwita Bi Sentimita, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane. Hata macho yalipoanza kumgomea na cherehani ikafunikwa kitambaa, aliendelea kutembea na utepe wa kupimia shingoni. Alipima kila kitu: kimo cha wajukuu wa jirani, upana wa mlango kabla kabati halijaingizwa, hata mkate. Muuza mkate hakumpenda sana.

Cherehani ilipopumzika, akaanza kufuga mbuzi, na kufikia mwaka wa kisa hiki walikuwa tisa. Kiongozi wao alimwita Shangazi, kwa sababu alifika kila mahali bila kualikwa na akala wa kwanza.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia, Bi Sentimita alikwenda bondeni kukata majani, akateleza na mzigo kichwani, akavunjika mkono. Binti yake, mtoto wake wa pekee, karani katika ofisi ya maji huko mjini, alikuja kumuuguza wiki sita. Kabla ya kuondoka alitoa sharti, tena kwa sauti ya chini, huku akikunja nguo.

"Mama, bondeni huendi tena. Kiangazi kijacho nitakuletea nyasi kavu, marobota sitini. Zikikufikisha kwenye mvua, unabaki na mbuzi wako na mimi sitafungua mdomo. Zikiisha kabla ya mvua, mbuzi wanauzwa, unakuja kukaa kwangu."

"Na nikiomba kidogo kwa majirani?"

"Hakuna kuongeza. Sitini ni sitini."

Alikubali shingo upande. Kwa binti kulikuwa na chumba kilichokwisha kupakwa rangi, ghorofa ya tatu, dirisha kubwa halina pazia bado. Alikiona mara moja, akakisifu sana, na moyoni akakiogopa. Hakuona ndani yake kitu cha kumwamsha asubuhi.

Marobota yaliletwa kwa lori, yakajaa kile chumba alichokuwa akishonea, mpaka meza ya kukatia nguo ikabidi isimamishwe ukutani. Bi Sentimita alichukua chaki yake ya fundi akachora mistari kwenye ukuta, mstari kwa kila wiki. Wiki kumi, marobota sita kwa wiki. Akasimama mbali kidogo, akatazama, akaridhika.

Wiki ya kwanza aliwatupia mbuzi nyasi chini, kama wafanyavyo watu wote. Sasa, mbuzi ana tabia zake. Anavuta fungu zima, anatafuna vijani viwili laini, kinachobaki anakiangusha, anakikanyaga, anakikojolea, kisha anakutolea macho kana kwamba hujamlisha tangu juzi. Kilichokwisha kuchafuka hakili hata umpigie magoti. Jumapili alipofagia banda, alitoa mikokoteni miwili ya nyasi nzuri zilizogeuka taka. Alipokwenda kutazama ukuta, marobota kumi yalikuwa yamekwenda.

Seremala wa nyumba ya pili, mzee mwenzake asiyejua kunyamaza, alikuwa ameegemea ua.

"Unawatandikia godoro jipya kila siku, Bi Sentimita. Mimi mwenyewe nalalia la mwaka juzi."

"Nitawashonea."

"Utawashonea nini? Suruali?"

"Wewe kaa hapo hapo utazame."

Aliifunua cherehani, akaitia mafuta. Alimpima kila mbuzi upana wa pua, mmoja mmoja, na Shangazi akala ncha ya utepe. Kisha akashona magunia manne ya kutundika, yenye matundu ya duara ya kuchomolea nyasi, kila tundu limepigwa upindo mara mbili lisichanike. Aliyatundika bandani, usawa wa kifua cha mbuzi. Seremala alikuja kuyakagua, akasema ameona mabwana harusi waliovaa suti zilizoshonwa vibaya kuliko yale.

Nyasi zikaendelea kumwagika. Wiki ya pili kumi, wiki ya tatu kumi. Bi Sentimita aliwalaumu mbuzi, akalaumu upepo, akamlaumu kidogo na binti yake.

Asubuhi moja alisikia kishindo bandani. Alimkuta Shangazi kichwa kimezama kwenye tundu, gunia limeng'oka, anazunguka banda mbio bila kuona aendako, na wenzake wanane nyuma yake wakila kinachodondoka. Ilibidi akate gunia kwa mkasi. Shangazi alitoka, akapiga chafya, akaendelea kula.

Bi Sentimita alibaki na lile duara la upindo mkononi. Akalipima. Pua ya Shangazi ilikuwa sentimita saba. Tundu lilikuwa kumi na tatu.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaacha kucheka. Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kukata kitu bila kuongeza vidole viwili kila upande, ili mwenye nguo apumue, ainame, anenepe kidogo asione aibu. Hakuwa ameamua kuwaongezea mbuzi. Mkono ulikuwa umeongeza wenyewe. Alikuwa amemwaga marobota manane zaidi ya hesabu kwa sababu ya ufundi wake, na hilo lilimuuma kuliko mkono ulipovunjika.

Alifumua matundu yote, akayashona upya, sentimita saba kamili, pua iingie na kichwa kibaki nje. Mkono ulimkatalia mara mbili na mara mbili akaurudisha. Chini ya magunia alitandika turubai, akalikunja kingo kwenda juu, ili kinachodondoka kikae safi na kirudishwe guniani. Akaacha kujaza mara moja kwa siku. Akawapa kidogo kidogo, mara tatu. Mbuzi walinung'unika siku mbili. Siku ya tatu walijifunza kuchomoa vijani vichache, kutafuna, kumeza, ndipo wachomoe vingine. Wiki hiyo yalitumika marobota manne tu, na banda likafagiliwa kwa kizoleo kimoja.

Wiki hiyo ilipoanza yalikuwa yamebaki thelathini kwa wiki saba, kwa hiyo hesabu ilitosha, na mawili juu. Alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu lori lije.

Jumamosi ya wiki ya tisa binti yake alikuja kumtazama kwa pikapu ya kuazima, akaiacha nje ya ua. Binti alimtuma mama yake kwa seremala kuazima nyundo, akisema mguu wa kiti unacheza. Seremala hakumwacha mtu aondoke bila mazungumzo. Bi Sentimita aliporudi alimkuta binti sebuleni, jasho linamtoka, kijiti cha nyasi kimenasa kwenye nywele.

"Nimekufagilia ile stoo ya nyasi," binti alisema.

Bi Sentimita alishangaa, maana binti huyo, tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, hakuwahi kushika ufagio bila kufokewa. Lakini watu hukua. Akamtoa kile kijiti, akakitia mfukoni kwa ajili ya Shangazi.

Wiki ya kumi ilimalizika, mvua haikuja. Yale mawili ya ziada aliyagawa kwa siku tano, akiokota mpaka vumbi la nyasi kwenye turubai. Siku ya sita alisimama katikati ya chumba kitupu. Mistari ya chaki ilionekana yote, na meza ya kukatia imesimama pale pale ukutani. Nje mbuzi waliita. Angeweza kunyamaza, akakata majani usiku usiku, nani angejua? Alikaa na wazo hilo kwa muda wa kunywa chai. Kisha akapiga simu.

"Mwanangu, nyasi zimeisha. Mvua bado. Njoo tupange mambo ya mbuzi."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Zimeisha zote, mama?"

"Zote."

"Umetazama vizuri?"

"Nimefagia."

"Nyuma ya meza umefagia?"

Bi Sentimita aliweka simu sakafuni, akaisogeza meza kwa bega. Nyuma yake yalisimama marobota matatu, yamebanwa ukutani, yamefungwa kamba kwa fundo la kumalizia uzi, lile alilomfundisha binti yake akiwa na miaka sita. Alilia bila kujizuia, na simu ikasikia.

"Si wewe uliyesema hakuna kuongeza?" aliuliza alipoweza.

"Nilisema. Na chumba kipo, mama, na nataka uje, hata kesho. Lakini nilikuona unavyookota kijani kimoja kimoja. Sikutaka uje huku ukiwa umeshindwa."

Mbuzi waliita tena. Bi Sentimita alikata kamba ya robota la kwanza, taratibu, fundo akaliacha zima.

"Lile dirisha lako," alisema, "lina upana gani?"

"Dirisha lipi?"

"La chumba changu. Chukua utepe, pima, uniambie. Mvua ikishakaa nitakuja na pazia, wiki mbili, seremala atanitazamia mbuzi. Na usizidishe kitu kwenye kipimo, unasikia? Vidole viwili nitaongeza mwenyewe."