Nilichagua Stendi Ndefu, Nikamchafua Mama wa Watu

Kosa ni langu, na sitaki mtu anipunguzie. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya matofali, migomba na pikapu nimevipata kwa mikono hii. Ndiyo maana huwa siambiliki. Jamani!

Nilishuka mjini, mtaa wa Pasua, kununua stendi za kuegemeza gari likishainuliwa na jeki. Muuzaji ni mama mjane, ana kibanda cha vyuma. Akanitolea fupi, zenye miguu mipana, akaniita meku, yaani mzee kwa lugha ya kwetu.

"Meku, pikapu yako hizi zinaitosha. Hizo ndefu ni za matrekta."

"Nani kakwambia sina trekta?"

"Unalo?"

"Linakuja!"

Mpaka leo halijafika. Ila ndefu nilizibeba, tena nikazifunga juu ya mizigo ili njia nzima ya kupanda mlimani watu wazione. Nilichoka kulala chini ya gari kama mjusi. Nilitaka kufungua springi nimekaa, kama bwana.

Nikaliinua gari kihambani, shamba letu la nyumbani, kwenye udongo, katikati ya migomba. Stendi nikazivuta mpaka jino la mwisho. Mke wangu akaniita kutoka juu.

"Baba Neema! Leo zamu yetu ya maji, nimeshafungua mfereji!"

"Maji ya migomba hayo! Gari linakunywa dizeli!"

Nikacheka peke yangu. Maji yakaja taratibu, udongo ukalainika, stendi moja ikainama kama mlevi. Gari likashuka, mguu wangu ukabanwa chini ya ngoma ya breki. Nililia, mimi! Majirani wakaliinua kwa boriti.

Hapo nilikuwa mjinga tu. Ubaya ulikuja baadaye.

Nimelala na plasta, wageni wanaingia na ndizi na maziwa. "Pole mzee, imekuwaje?" Niseme nini? Kwamba nililisimamisha gari kwenye tope siku ya maji? Nikasema, "Stendi feki! Yule mama wa Pasua ataua watu!" Kila mgeni nilimwongezea chumvi. Jumapili, habari ilitoka kanisani kabla ya waumini.

Mama wa watu akapanda mpaka kwangu.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba."

Akaomba kuiona stendi iliyoinama. Mke wangu, ambaye hajui kunisitiri, akaileta na tope lake hadi katikati. Mama akaigeuza, akaipapasa. Haikupinda, haikupasuka.

"Meku, imevunjikia wapi?"

Sebule nzima ikanigeukia. Ningesema neno moja tu, angerudi mjini na jina lake. Nikafumba macho, nikasema mguu unaniuma, nataka kulala! Akaondoka, chai yake hajaimaliza.

Mguu umepona. Kibanda kimefungwa, wateja walimkimbia. Siku hizi anauza nyanya sokoni Soweto, hukohuko mjini. Nilimfuata kumwomba radhi. Nikanunua nyanya, nikarudi na nyanya. Mke wangu akauliza za nini zote hizi, nikamwambia zilikuwa bei rahisi!

Sasa nawaandikia ninyi msionijua, maana ndio ninaowaweza.

Unayenunua stendi, pima kimo cha gari lako, siyo chako. Ndefu iache kwa mwenye trekta. Usiivute mpaka mwisho, isimamishe pakavu pagumu, na kama ni udongo tandika ubao mnene. Na likikuangukia, wageni wakauliza imekuwaje, sema: ni mimi. Neno hilo liseme siku hiyohiyo, ungali na watu sebuleni.