Dirisha la Shemeji

Shemeji alizikwa kwao, karibu na ziwa, na dada yangu akarudi Laini Saba, Kibera, bila kaburi la kutembelea. "Nataka mahali pa kumsalimia hapa hapa," aliniambia. Mabenchi yote ya kanisa letu aliyatengeneza shemeji, kwa hiyo padri akakubali tuweke dirisha la kumbukumbu: vioo vya rangi, na katikati picha ya randa yake ya useremala.

Fundi alikuwa Mkamba mwenye kibanda kando ya reli. Aliyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari, akaimimina iwe vijiti vyembamba, akaunga navyo vipande vya vioo. Mimi niliuza mitumba Kawangware. Vioo sivijui, kubana watu kwenye bei najua. Nilimbana mpaka akaongeza kipande cha bluu bure.

"Siste, wewe ukipewa mbingu utaomba nyongeza," alisema.

Alipima tundu ukutani, upande wa mashariki. Mimi nikapima nyuma yake. Hakuna aliyechungulia nje. Kibera ukipima ukuta wako, mpime na jirani.

Alhamisi tulileta dirisha limefunikwa blanketi. Nje ya ukuta tukakuta miti imesimikwa, vyumba vipya vinapanda, paa na ukuta wa mbali vimeshapigwa mabati. Nikahesabu vyumba: kimoja. Nikahesabu tena: viwili. Uchochoro uliobaki ulimtosha mtu mwembamba akipita kiubavu. Fundi akapachika dirisha. Vioo vilikuwa vyeusi kama chai ya strungi.

Dada hakulia. "Wakwe zangu wanakuja misa ya Jumapili," alisema. "Nitawaonyesha nini? Giza?"

Nikamfuata mwenye ploti hiyo ya jirani. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mabati yenye kutu.

"Mzee, umetuzibia jua."

"Jua ni la Mungu, mathe. Ploti ni yangu."

"Ukuta wa huku utauziba na haya?"

"Na nini tena? Dhahabu?"

Nyuma ya kanisa kulikuwa na mabati mapya ya kuezekea jiko la parokia. Nikamwambia achukue hayo, atuachie yake ya kutu, ila mapya yakae upande unaotazama dirisha. Alinitazama kama mtu anayetafuta mfuko umechanikia wapi.

"Mnapata nini?"

"Mng'aro."

"Na jiko lenu?"

"Ugali hauulizi bati lina umri gani."

Alicheka, akaniomba na misumari. Nikakataa misumari. Padri ndiye aliyeguna, lakini aliguna huku akitusaidia kubeba.

Jumapili misa ilianza, dirisha bado limefifia. Wakwe walikaa mbele, wakitazama ukuta kwa adabu. Fundi alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyeitwa polisi. Mahubiri yakarefuka, kwa mara ya kwanza nikamshukuru padri kwa hilo. Jua lilipopita utosini, likapiga mabati ya jirani, likarudi kwetu. Randa ikawaka kahawia, bluu ikafuata. Na kwa kuwa mabati yana migongo, rangi zilitua kwenye mabenchi zikiwa na mawimbi, zikitembea polepole.

Mama mkwe akagusa mbao za benchi pale rangi zilipotua. "Hili alilipiga randa yeye?"

"Yeye," dada alisema. "Yote."

Rangi ilipohamia benchi la pili, dada akanyanyuka, akaifuata. Mama mkwe akachukua kikapu chake.

"Sogea kidogo," alimwambia. "Na mimi nimsalimie."